Askari wa Shaba na Wapagazi Wasio na Majina: Sanamu za Dar es Salaam Zikitazamwa kutoka Mbekenyera

Wakazi wa Dar es Salaam hupita kila siku mbele ya Askari wa shaba pasipo kuinua macho. Kwao sanamu ile, iliyosimama katika barabara ya Samora katikati ya jiji, ni mahali pa kuelekezana njia tu: mgeni huambiwa ashuke Posta, atembee hadi Askari, kisha aulize. Ilitupasa kumpata kijana mmoja mwanafunzi wetu, Mmwera mwenyeji wa Mbekenyera, ndipo tuitazame upya. Alikuwa amefika jijini kwa mara ya kwanza. Alisimama mbele ya sanamu kwa muda, mkoba ukiwa begani, kisha akauliza, "Mchungaji, huyu ni nani?" Tukamjibu kwamba si mtu fulani, bali ni kila askari Mwafrika aliyepigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Akafikiri kidogo. Akasema kwamba mjomba wa bibi yake alichukuliwa katika vita hiyo kubeba mizigo, asirudi tena, wala jamaa zake hawakuonyeshwa kaburi. "Basi yeye yuko wapi hapa?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa tumechelewa. Na kwa kuwa swali lake lahusu wafu na majina yao, ni swali ambalo chuo cha theolojia hakiwezi kuwaachia watu wa makumbusho peke yao.

Mbekenyera ni kijiji na kata katika wilaya ya Ruangwa, jirani na Nachingwea, mkoani Lindi. Atokaye huko kwenda Dar es Salaam hushuka kuelekea pwani hadi Mnazi Mmoja ya Lindi, hugeuka kaskazini, huvuka mto Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003, na mwisho wa safari hufika karibu na Mnazi Mmoja nyingine, ile ya jijini. Kabla ya daraja hilo, masika yaliweza kuitenga kusini na makao ya serikali kwa majuma mengi. Twalitaja jambo hili kwa sababu umbali wa kusini kutoka mji mkuu haukuwa wa maili tu. Watu wa kusini waliingia katika historia ya mji ule hasa kwa njia ya vita mbili, na mji ule ukazikumbuka vita hizo kwa namna yake wenyewe.

Kabla ya Askari wetu huyu, alikuwapo mwingine. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri wa Pangani na baadaye akawa gavana mwaka 1895 na 1896. Kazi hiyo ilikuwa ya mchonga sanamu Adolf Kürle. Wissmann alisimama juu, mkono ukiwa juu ya upanga. Chini yake alisimama askari Mwafrika akimwinulia macho bwana wake, na hapo chini bendera ya Ujerumani ilimfunika simba aliyekufa. Haihitaji elimu kubwa kumtambua simba yule. Vita ya Maji Maji ilikuwa imezimwa miaka miwili tu iliyotangulia.

Sasa tuiangalie sanamu hiyo kwa macho ya Mmwera wa mwaka 1909. Vita ya Maji Maji ilianza katika vilima vya Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na kabla ya Agosti kwisha ilikuwa imewafikia Wamwera. Misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ikachomwa moto. Jibu la serikali halikuwa risasi peke yake. Maghala yalichomwa, mashamba yakaharibiwa, visima vikaachwa, na njaa ikamaliza kazi ambayo bunduki zilianza. Wanahistoria wamekadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, wafikia 250,000 hata 300,000. Aliyeingia kijijini na kiberiti mkononi kwa kawaida hakuwa Mzungu. Alikuwa askari. Hivyo basi, yule wa shaba aliyemtazama Wissmann kwa unyenyekevu hakuwa ndugu machoni pa watu wa kusini, wala hawakuwa wamemsahau.

Sanamu hiyo haikudumu Dar es Salaam. Waingereza waliingia mjini tarehe 4 Septemba 1916, wakaing'oa na kuipeleka kwao. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1967. Ikasimamishwa tena, nao wakaiangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo haikuinuliwa. Yastahili kukumbukwa kwamba walioiangusha walikuwa vijana wa Kijerumani, katika mji ambao haukuuona moto wa Umwera.

Waingereza nao walitaka ukumbusho wao. Walimpa kazi James Alexander Stevenson, mchonga sanamu Mwingereza. Sanamu ikamiminwa kwa shaba nyeusi huko London, ikaletwa kwa meli, na kuzinduliwa mwaka 1927. Askari huyu amesimama peke yake. Hakuna bwana juu yake, naye anasonga mbele, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Kwa ustadi wa mkono ni kazi njema, hatuna sababu ya kuficha hivyo: mtu yule ana uzito, ana misuli, ana mwendo. Nairobi ilipewa ukumbusho wa namna hiyohiyo, uliotoka kwa mchongaji yuleyule, lakini kule watu ni watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam, aliyesimama juu ni askari tu.

Wapagazi wametajwa katika maandishi. Maneno ya bamba, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa dola ya Uingereza. Yanawataja askari wenyeji wa Afrika, kisha wapagazi ambao walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika na kufa. Hatimaye yanamwahidi msomaji kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kabla ya kuipima ahadi hii, yafaa tuseme ni mizigo gani iliyobebwa. Katika nchi yenye mbung'o, farasi na ng'ombe hufa. Magari yalikuwa machache na barabara zilizama kila masika. Kwa hiyo vita nzima ilitembea juu ya vichwa vya watu: risasi, unga, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipande, hata majeruhi wa Kizungu. Waingereza waliandikisha watu wanaokaribia milioni moja kwa kazi hiyo katika Afrika Mashariki na nchi jirani. Hesabu zao wenyewe zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 95,000, na wanahistoria wanaona kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko kweli. Wengi hawakupigwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa kichomi, kwa malaria, na kwa chakula wasichokizoea kilichopikwa nusu. Wajerumani nao walichukua wapagazi wao vijiji kwa vijiji, na hao hata hesabu ya kuaminika hawana.

Vita hiyo ilipita katika ua wa nyumba za watu wa Ruangwa. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi yalipambana Narungombe, ambayo leo ni kata ya wilaya hiyohiyo ya Mbekenyera. Upande wa Waingereza walikuwapo askari wa King's African Rifles pamoja na kikosi kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Mwezi Oktoba, kuanzia tarehe 15 hadi 18, yakafuata mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, ambako Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya 5,000 hivi waliopigana, wakiwamo Wanigeria wengi, waliouawa na kujeruhiwa pamoja. Mwezi Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma. Nyuma yake aliacha nchi iliyokuwa haijapona majeraha ya 1905, na ambayo majeshi mawili yalikuwa yamekula akiba yake kwa zamu.

Mpagazi wa kusini hakuanza kazi yake mwaka 1914. Mwaka 1906, njaa ya Maji Maji ikiwa bado haijatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akikusanya vinyago na vyombo vya wenyeji. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu wa Berlin walichimba Tendaguru mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, na zaidi ya tani 200 zikasafirishwa hadi bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa watu, safari ya siku kadhaa kwa kila mzigo. Mmoja wa wanyama hao amesimama Berlin tangu 1937, urefu wake mita 13 na zaidi. Ukipenda, huo ndio mnara mkubwa kuliko yote ambao kusini ilichangia mji mkuu wowote, na waliouchangia waliubeba kwa miguu mitupu.

Turudi kwenye ahadi ya bamba. Kipling alijua alichokuwa anakiandika. Mwanawe wa pekee, John, alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa mwaka 1936 pasipo kuoneshwa kaburi lake. Mtu huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa lugha wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917 kwa kanuni nzuri: kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, awe tajiri au maskini, ofisa au askari wa kawaida, na kama kaburi halijulikani, jina liandikwe ukutani. John Kipling aliandikwa. Mjomba wa bibi yake kijana wetu hakuandikwa. Katika Afrika Mashariki kanuni ile ilisimama mlangoni isiingie; iliamuliwa kwamba kwa wenyeji sanamu moja ya pamoja yatosha. Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo yenyewe, baada ya kuchunguza nyaraka zake, ilichapisha taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na baadhi yao hawakukumbukwa kabisa.

Hapo ndipo tunapoona udhaifu wa ahadi. Iliwaambia watu kwamba wana wao watayakumbuka majina, na papo hapo ikajisamehe kazi ya kuyaandika. Tena ilikosea hata kuhusu ni nani akumbukaye. Miongoni mwa Wamwera, kama miongoni mwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mrithi wa mtu hakuwa mwanawe bali mpwawe, mtoto wa dada yake. Ndiyo maana kijana wetu hakusema "babu yangu"; alisema mjomba wa bibi. Kumbukumbu ile ilishuka kupitia wanawake, kutoka dada hadi binti hadi mjukuu, kwa muda wa miaka mia, pasipo msaada wa shaba wala wa mshairi. Maneno ya bamba yaliwatazama wana. Waliokuwa wakikumbuka hawakuwamo katika maneno hayo.

Hata hivyo wapagazi wana ukumbusho jijini, nao ni mkubwa kuliko Askari. Ni neno. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko nje kidogo ya mji wa wakati ule. Waingereza walipoingia, mahali pale pakawa kambi ya Carrier Corps, jeshi la wapagazi, na ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina hilo kuwa Kariakoo. Soko la sasa, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975; moto uliliharibu mwaka 2021; jina halikuungua. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Watu huwataja wapagazi kila siku wanaponunua nyanya na vitenge, bila kujua kwamba wanawataja. Je, huo ni ukumbusho au ni usahaulifu? Sisi wenyewe tumejadiliana juu ya jambo hili tusifikie mwafaka. Mmoja wetu anashikilia kwamba neno lililo hai midomoni ni bora kuliko shaba isiyotazamwa. Mwingine anajibu kwamba jina la kambi si jina la mtu.

Baada ya Uhuru taifa lilichagua njia nyingine. Mnara wa Uhuru wa Mnazi Mmoja, wa 1961, hauna mtu: ni nguzo nyeupe yenye mwenge kileleni, mfano wa ule uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa Desemba 1961. Twauona uamuzi huo kuwa wa busara kwa wakati wake. Taifa changa lenye makabila zaidi ya 100 lingemweka nani juu ya nguzo bila kumwacha mwingine chini? Barabara ya Askari nayo ikabadilishwa jina mara mbili. Wakoloni waliiita Acacia Avenue. Ikawa Independence Avenue. Sasa ni Samora. Ni wachache wapitao pale wanaojua kwamba jina hilo linawarudisha kusini, kwa kuwa Samora Machel aliwaongoza wapiganaji wa FRELIMO kutoka kambi ya Nachingwea, mwendo mfupi kutoka Mbekenyera, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Yeye mwenyewe amesimamishwa Maputo tangu 2011, sanamu ya mita 9 iliyotengenezwa Korea Kaskazini. Nchi zetu bado zinaagiza mashujaa wake kutoka nje, kama zinavyoagiza matrekta.

Lakini wachongaji tunao, na wengi wao ni watu wa kusini hasa. Tangu miaka ya 1950 Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma walikuja Dar es Salaam na mpingo wao. Husimuliwa kwamba Yakobo Sangwani ndiye aliyeanzisha, mwishoni mwa miaka hiyo, mtindo uitwao ujamaa: gogo moja la mpingo ambamo watu wengi wamepandana, kila mmoja amesimama juu ya mabega ya mwenzake na kushikwa na mwingine. Samaki Likankoa naye anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani. George Lilanga, mzaliwa wa Lindi, aliyefariki mwaka 2005, alitoka katika uchongaji huo akafanya kazi katika Nyumba ya Sanaa, na jina lake likajulikana hata Ulaya. Ni jambo la kusikitisha kwamba kazi ya watu hawa iliingia mji mkuu kama bidhaa ya watalii. Iliuzwa mitaani, ikauzwa Mwenge, ikapakiwa katika masanduku ya wageni. Katika njia panda za jiji zikabaki shaba za London.

Tunapoutazama mnara wa ujamaa wa Kimakonde, hatuwezi kujizuia kuwaza juu ya wapagazi. Hatudai kwamba wachongaji walikusudia hivyo. Wao wamesema habari za ukoo na za kusaidiana. Lakini hapo pana watu waliobeba watu, chini kuna mmoja ambaye uzito wote umemwangukia, na mchongaji hakumsahau kumpa uso. Kwa maoni yetu hakuna kazi ya mikono nchini iliyokaribia zaidi kuwa sanamu ya mpagazi.

Na Kanisa letu? Hatuwezi kuwanyoshea kidole watawala huku tumesimama ng'ambo. Kanisa la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, liliwekwa wakfu mwaka 1902 na kutumiwa na Wajerumani wa mji ule. Miaka mitatu baadaye amri za kuzima Maji Maji zilitolewa katika mji huohuo, na baadhi ya waliozitoa bila shaka walisali Jumapili katika viti vile. Jengo hilo ni urithi wetu, nasi twalipenda. Lakini nalo ni ukumbusho wa hadhara, na linakumbusha zaidi ya tunavyopenda kueleza wageni.

Kuhusu sanamu zenyewe tumerithi mashaka ya wamisionari, ambao mara nyingi hawakutofautisha kinyago na mungu wa kinyago. Luther alitofautisha. Mwanzoni mwa 1522, yeye akiwa amefichwa Wartburg, Karlstadt aliandika kwamba sanamu zote ziondolewe makanisani, na watu wa Wittenberg wakaanza kuzivunja. Luther alirudi, na kuanzia tarehe 9 Machi alihubiri siku nane mfululizo. Hoja yake ilikuwa kwamba sanamu si amri wala si mwiko. Linalopaswa kuvunjwa kwanza ni tegemeo la moyo, na hilo halivunjwi kwa shoka. Kama kila kitu kilichotumiwa vibaya kingeondolewa, tungelazimika kuling'oa hata jua. Kwa msingi huo hatuoni sababu ya kumwangusha Askari. Wala hatuoni sababu ya kumwogopa mchonga vinyago wa Ruangwa akitaka kuchonga wafu wa kwao. Elimo Njau, mtoto wa mwalimu wa Kilutheri wa Marangu, alichora mwaka 1959 katika kanisa la Kianglikana la Fort Hall, Kenya, lililojengwa kwa ukumbusho wa Wakikuyu Wakristo waliouawa, maisha ya Kristo katikati ya vilima na watu wa Kiafrika. Tangu hapo ni makanisa mangapi ya kwetu yaliyothubutu?

Biblia yenyewe ina minara ya aina mbalimbali. Yoshua aliweka mawe 12 kutoka Yordani ili watoto waulize maana yake. Jiwe pale ni kichocheo cha swali, na jibu ni kazi ya wazazi. Absalomu, katika kitabu cha pili cha Samweli, alijisimamishia nguzo kwa sababu hakuwa na mwana wa kulikumbuka jina lake. Bamba la Dar es Salaam liko karibu na Absalomu: linajua kwamba jina hupotea, na linatumaini wana. Isaya katika sura ya 56 anakwenda mahali pengine kabisa. Kwa towashi, mtu ambaye hatakuwa na wana, Mungu anaahidi mahali ndani ya nyumba yake na jina lililo bora kuliko wana na binti. Jina lisilotegemea uzao. Mpagazi aliyefia njiani akiwa na miaka 18, hajaoa, hana mwana, na dada yake amekufa kwa njaa ya vita ileile, ahadi ya bamba haikumfikia kwa namna yoyote. Ahadi ya nabii yamfikia. Na kama yamfikia, nyumba ya Mungu ndiyo iliyopewa kazi ya kulitunza jina lake, awe alikuwa Mkristo au, kama wengi wa wale wa Lindi, Mwislamu au mtu wa dini ya mababu.

Hatuandiki haya kama tafakari tupu. Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na sheria ya 2018 ikautangaza mji huo kuwa makao makuu ya nchi. Mji mkuu mpya una Uwanja wa Nyerere wenye sanamu yake, na utaendelea kujaza njia panda zake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea, mahali ambapo sanamu za mashujaa wa Kingoni walionyongwa 1906 zimesimama kwa majina yao. Songea walikuwa na majina ya kumwonyesha. Angekwenda Ruangwa, angeonyeshwa nini?

Kazi yaweza kufanyika, nayo si ya gharama kubwa. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa watu wa jeshi la wapagazi na vibarua wa Afrika Kusini waliokufa katika Vita Kuu pasipo kuandikwa popote. Hauna sanamu ya mtu. Zimesimamishwa nguzo za mbao 1,772, kila moja na jina moja. Mbao hizo ni za mvule, mti ambao mtu wa Lindi hahitaji kufundishwa kuutambua.

Majina 1,772 yalipatikana kwa sababu kulikuwa na daftari. Kwetu daftari lililobaki ni vichwa vya bibi wazee, na kila mwaka kurasa zake zinapungua. Tumewaomba wanafunzi wetu wa kusini wanaporudi likizo waketi na wazee, pamoja na mapadre, mashehe na wachungaji wa mahali, wakauliza swali moja tu: nani alikwenda na hakurudi. Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, tunapowakumbuka waliolala, yatasomwa katika kanisa la chuo.

Kijana wa Mbekenyera alikuwa wa kwanza kutuletea barua. Ina majina saba, yameandikwa kwa kalamu ya wino, na pembeni ya kila moja jina la dada aliyebaki. Hatuyachapi hapa, kwa kuwa jamaa wawili bado hawajaulizwa kama wanaridhia. Mjomba wa bibi yake ni wa tatu katika orodha.